Shahidi wa Samaki wa Wendell

Sedalia, Missouri
18 Novemba

Kwa Bwana Arlis Yoakum,
kupitia duka la Nadine Poteet, Bustani ya Chemchemi ya Harker

Bwana Yoakum,

Mimi ni Lorene Dietzel. Hunijui kwa sura, ila nadhani unalijua gari letu, lile la kijani lenye mlango mmoja mweupe. Mume wangu Wendell alilileta hapo kila majira ya baridi kwa miaka kumi na moja kuvua trauti. Mimi nilibaki nyumbani. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita, na sikuona maana ya kukaa barabarani saa mbili ili mtu akashike samaki kisha amrudishe majini.

Wendell alifariki mwezi wa Agosti. Ulikuwa uvimbe kichwani.

Nakuandikia kwa jambo moja. Jumatatu ya mwisho ya msimu wa baridi uliopita, mwezi wa Februari, alirudi nyumbani akisema amemshika trauti mkubwa kuliko wote walioandikwa kwenye ubao wa Nadine, na amemwachia. Nadine amenieleza kwa simu habari za huo ubao. Kwa kuwa majira ya baridi kila samaki lazima arudi majini, hakuna wa kuletwa dukani apimwe, kwa hiyo jina la mtu haliandikwi bila shahidi aliyeona kwa macho yake. Wendell alisema shahidi wake ni wewe. Ulipoulizwa mbele ya watu ukasema hukuona samaki yeyote. Watu wakacheka, na jina lililoandikwa kwa msimu ule ni lako.

Hakuvaa tena buti zake za mtoni.

Sikuombi unifurahishe. Kama hapakuwa na samaki, niambie hapakuwa. Kama alikuwepo, niambie pia. Nimetia stempu ndani ya bahasha.

Lorene Dietzel


Harker
25 Novemba

Bi. Dietzel,

Barua yako nimeipata. Nadine alitaka kunisomea, nikamwambia miwani ninayo na macho ninayo. Pole sana kwa msiba.

Naandika kwa penseli kwa sababu wino hausamehe. Shule niliiacha darasa la tatu, baba alipohitaji mtu wa kushika ncha ya pili ya msumeno, tukikata mataruma ya reli. Kwa hiyo ukiona herufi zangu zimelala chali, ziache zipumzike.

Sasa tuelewane. Hukumwandikia mtu wa kuokotwa njiani. Jina la Arlis Yoakum liko kwenye ubao wa Nadine majira saba mfululizo. Wanakuja mabwana kutoka mjini na fimbo za bei ya ng'ombe, wanapiga maji kutwa nzima, wanaondoka na mafua. Mimi nina fimbo niliyoifunga utepe mara nne. Trauti ananiogopa hata akiwa bado kifaranga kule kwenye mabwawa ya bustani wanakolelewa. Nzi wangu wa chambo nawafunga mwenyewe, manyoya ya jogoo na uzi mwekundu kwenye ndoana ndogo kama punje ya mchele, na trauti akimwona anasahau mama yake.

Kuhusu siku ile. Nilikuwa chini darajani nakula mkate wangu na soseji, mgongo nimeyapa maji. Sikuona kitu. Nilisema hivyo dukani na nasema hivyo sasa.

Nisikufiche, Wendell alitupa mshipi kama mtu anayeanika shuka. Nilimwambia hivyo usoni kila mwaka naye alicheka. Lakini samaki alijua kumshika, hilo nampa. Wengine wanamkamata kwa mkono mkavu wanamwondoa ute wote, samaki anakwenda kufa baada ya siku tatu. Wendell hapana. Alipiga magoti yote mawili, akavua glavu ya kulia kwa meno, akalowesha mkono kwanza. Hata siku ile, na baridi ile ya kukata masikio, alifanya kama inavyotakiwa.

Stempu nimeitumia. Ahsante.

A. Yoakum


Sedalia
4 Desemba

Bwana Yoakum,

Herufi zako zinasomeka vizuri. Nimezisoma mara tatu.

Unasema ulikuwa darajani, mgongo umeyapa maji, unakula. Kisha ukurasa wa pili unasema Wendell alivua glavu ya kulia kwa meno akalowesha mkono, hata siku ile. Nimebeba watoto arobaini kwenye basi moja, Bwana Yoakum. Najua anavyosimulia mtu anayesema hakuwepo.

Lakini sikuandikii nikushtaki, maana mimi mwenyewe sina pa kusimama. Sasa nitakwambia ambalo sikumwambia hata mchungaji.

Mimi pia sikumwamini. Tangu Krismasi alikuwa amebadilika. Kuna siku alilitundika koti akaliaga kwaheri. Jumatatu ile alirudi kutoka mtoni amevaa suruali yake ya kanisani, ile ya kijivu, imelowa mpaka mapajani. Nani anaenda kuvua na suruali ya kanisani? Nikasema moyoni, basi, akili imeondoka. Alikaa mezani akanieleza habari za samaki, mikono ameipanua hivi, na mimi nikamwambia, "Sawa, Wendell. Kunywa supu."

Akanitazama. Akaishusha mikono. Hakunitajia tena yule samaki mpaka anakufa.

Ndiyo maana nauliza. Kama samaki hakuwepo, basi nilifanya vile mke anavyofanya kwa mgonjwa. Kama alikuwepo, basi Jumatatu ile Wendell alikuwa bado yeye mwenyewe, na mimi nilianza kumzika miezi sita kabla ya siku yake.

Ndani nimekutilia kitu nilichokikuta mfukoni mwa suruali. Nadhani ni nzi, ingawa ni mbaya wa sura. Kipande cha mshipi bado kimemning'inia. Wewe ni fundi, niambie ni mdudu gani.

Lorene Dietzel


Harker
9 Desemba

Bi. Dietzel,

Mimi si trauti wa kuvuliwa na wewe. Penseli iliteleza, basi. Nilikuwa naeleza desturi yake, si siku ile.

Huyo uliyemleta si mdudu. Ni punje. Ni manyoya ya paa yaliyokatwa na mkasi yakafanana na punje za chakula wanazorushiwa samaki kule kwenye mabwawa kabla ya kufunguliwa kuingia kijitoni. Trauti wa hapa amelelewa kwa punje, akiiona inapita anaikimbilia kama mtoto na pipi. Mvuvi anayejiheshimu hafungi kitu kama hicho. Ni sawa na kwenda kuwinda kuku.

Naomba usiniandikie tena.

Yoakum

Punje yako sijaitupa.


Sedalia
2 Januari

Bwana Yoakum,

Sitakuuliza kitu.

Redio inasema wiki hizi mbili baridi itakuwa kali huko kwenu kuliko huku. Kwenye kifurushi hiki kuna glavu za Wendell, za sufu, ncha za vidole zimekatwa. Nilizifuma mimi, na nilizikata mimi kwa uchungu mwingi baada ya yeye kuning'ang'ania wiki nzima kwamba mtu hawezi kufunga fundo na vidole vilivyovaa. Hapa nyumbani hakuna wa kuzivaa.

Huna haja ya kujibu.

L. Dietzel


Harker
20 Januari

Bi. Lorene,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Nadine amenipa meza ya nyuma karibu na jiko, kila mara anapita kunimiminia kahawa na kutazama nimefika wapi, namfukuza.

Jumamosi iliyopita nilikwenda mtoni. Wanaruhusu kuvua Ijumaa mpaka Jumatatu tu, na wiki mbili zote kabla yake baridi ilikuwa imenishinda, nikaona aibu. Chemchemi yetu haigandi, maji yake yanatoka ardhini yakiwa yale yale kiangazi na masika, lakini hewa ya juu ilikuwa nyingine kabisa. Ukungu ulisimama juu ya kijito mpaka kifuani. Kahawa ilinimwagikia mkono wa koti ikaganda kabla sijaifuta. Barafu iliziba pete za fimbo, kila nikitupa mara tatu natia pete mdomoni kuiyeyusha. Nilivaa glavu za Wendell. Za kwangu zimetoboka, usifikirie zaidi.

Mpaka saa nne mshipi wangu haukuwa umeguswa hata mara moja. Nzi wangu wote wa jogoo na uzi mwekundu walipita kama matembezi ya Jumapili. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu karibu, nikafunga punje ya Wendell. Nimeandika. Limeshaandikwa.

Mara ya pili tu kuitupa, maji yakasimama. Nilidhani nimenasa gogo. Kisha gogo likaondoka.

Sitakusimulia vita yake, ingawa ningekuwa dukani ningeisimulia mpaka kesho. Alinipeleka mpaka chini ya daraja na kunirudisha. Nilipompata kwenye maji ya kina kifupi, kulikuwa na watu sita darajani, wamesikia kelele ya bobini yangu ikifungua mshipi. Ukungu uliwaziba wasione chini. Wakaanza kunipigia, "Inua, Arlis! Inua tumwone!" Dub Haskins, mmoja wao, akasema Arlis ameshika kiatu.

Mimi huinua. Kila mwaka nimeinua, Bi. Lorene. Miaka saba nimemwinua kila mmoja juu ya kichwa nikageuka naye taratibu mpaka kila mtu aone. Na ninajua, nimejua muda wote, kwamba baridi kama ile mashavu ya samaki yanaganda hewani kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Anaondoka kwa kuogelea vizuri, unampungia mkono, anakwenda kufia kwenye kina. Wale saba wa ubaoni sijui kama kuna hata mmoja aliyefika masika.

Nilipiga magoti. Nikavua glavu kwa meno, na sufu ile ikanijia na harufu ya tumbaku yake. Nikalowesha mkono. Samaki alikuwa amelala kwenye kiganja changu ubavu wa waridi, anafungua na kufunga mdomo, na wale juu wanaendelea kuita. Nilitoa punje midomoni mwake nikasubiri mpaka akajiondokea mwenyewe. Nikainuka, mikono mitupu. Dub akasema, "Kiatu namba ngapi?" Wakacheka wote.

Nilipoisikia ile kelele nikajua imemwingia Wendell vipi.

Sasa nakwambia.

Jumatatu ile sikuwa darajani. Nilikuwa hatua kumi juu ya Wendell, nimesimama kwenye jiwe. Nilimwona samaki kuanzia pua mpaka mkia, maji yalikuwa kama kioo. Alimpima kwa fimbo bila kumtoa majini, akafika pete ya pili. Nimekwenda kupima fimbo ya namna ile dukani kwa Nadine. Ni inchi ishirini na nane. Wa kwangu wa mwaka ule alikuwa ishirini na nne.

Wendell aligeuza uso akanitazama. Akasema, "Arlis, umemwona?"

Na mimi nikamwambia, "Nimemwona."

Nilimwambia hivyo, Bi. Lorene, kwa mdomo huu. Ndiyo maana alikwenda dukani bila wasiwasi akasema muulizeni Arlis. Na kutoka mtoni mpaka dukani ni mwendo wa dakika tano, na katika dakika tano hizo niliufikiria ule ubao. Mtu kama wewe huenda asielewe. Jina langu liko kwenye leseni na kwenye kaburi la mke wangu, pale upande wangu unaosubiri. Kwingine popote halijawahi kuandikwa na mtu mwingine. Pale dukani limeandikwa mara saba kwa rangi nyeupe na kila anayeingia analisoma. Mimi mwenyewe nililisoma kila asubuhi. Nikasema nilikuwa nakula.

Alinitazama tu. Hakubishana. Nadhani hiyo ndiyo sababu nilikuwa na hasira naye mwaka mzima.

Kuna jingine, la suruali. Kwenye barua yako ya suruali ndipo niliposhindwa, nikakuandikia vibaya. Alipopiga magoti maji yaliingia ndani ya buti. Nikamwambia, Dietzel, unalowa, mzee. Akatazama chini akasema, "Lorene ataniua, hii ya kanisani." Nikamuuliza mpumbavu gani anakuja mtoni na suruali ya kanisani. Akasema daktari amemwambia hataiona baridi nyingine. Akasema, "Siku ya mwisho mtu huvaa vizuri, Arlis."

Alijua alichovaa, na alijua kwa nini. Alikuwa na akili zake zote, na samaki mkubwa kuliko wote mkononi, na bado alikuwa anakuogopa wewe.

Nimemaliza. Ukitaka kunitukana, anwani unayo.

Arlis


Sedalia
30 Januari

Arlis,

Barua yako ilifika siku moja kabla ya mvua ya barafu. Nyaya za umeme zimeanguka mtaa mzima na ninapika juu ya jiko la kuni. Nimekuwa nikiisoma mchana karibu na dirisha.

Daktari hakuniambia mimi kwamba hataiona baridi nyingine. Alimwambia yeye, naye akaliweka moyoni. Miezi yote ile nilijifanya sioni anavyobadilika ili asiumie, na yeye alikuwa anafanya hivyo hivyo upande wa pili wa meza.

Niliitoa suruali ya kijivu kabatini. Nilikuwa nimeipiga pasi na kuitundika mwisho kabisa, mahali pa vitu visivyotazamwa. Kwenye magoti kuna alama mbili za matope ambazo sikuweza kuzitoa, na nilimgombeza kwa ajili yake. Sasa nimeitundika mbele.

Sijui kama nimekusamehe. Kuna saa za siku nakuchukia sana, kisha nakumbuka kwamba ulimwambia "nimemwona" pale majini, na kwamba kutoka pale mpaka dukani, dakika tano, alitembea akiwa mtu aliyeaminiwa. Mimi sikumpa hata dakika hizo tano. Kwa hiyo nakushukuru kwa dakika tano, na mengine tutaona.

Mimi sihitaji tena kitu. Lakini Nadine alisikia uongo ule, na Dub Haskins, na wote waliocheka.

Glavu ni zako.

Lorene


Harker
10 Februari

Bi. Lorene,

Jana ilikuwa Jumatatu ya mwisho. Saa kumi kasoro robo, mvuvi wa mwisho alipotoka majini, wote waliingia kwa Nadine kula mikate ya moto na mchuzi mweupe wa soseji, kama kila mwaka, na kuandika jina la msimu kwenye ubao. Mara hii ni kijana fulani wa mji wa Lebanon, hapa hapa Missouri, inchi ishirini na tatu, na shahidi wake alikuwa mkewe. Dub alinigeukia akauliza vipi kile kiatu changu cha Januari, kinaandikwa au hakiandikwi. Nikasema hakuna aliyekiona. Akauliza kilikuwa na ukubwa gani. Nikasema sikupima.

Hapo wakanigeukia wote, maana hawajawahi kunisikia nikisema hivyo.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakanipotea yote. Nikawaambia mstari wa msimu uliopita ni wa uongo, na aliyedanganya ni mimi, na nikawaeleza fimbo, na pete ya pili, na alivyoniuliza na nilivyomjibu. Nikawaambia Wendell amekufa tukimwita mwongo. Nikamaliza nikakaa.

Dub aliweka uma chini. Akasema, "Nilimwita samaki wa daktari." Hiyo ndiyo kejeli waliyompa siku ile, yaani samaki wa kichwani mwa mgonjwa, sikutaka kukwambia. Akatoka nje na kofia mkononi.

Nadine akainuka. Alikwenda nyuma akaja na msasa na kopo la rangi, akausugua mstari ule mpaka mbao ikaonekana. Nililitazama jina langu likiwa vumbi na likidondoka kwenye sakafu. Nilidhani litaniuma zaidi. Akaandika WENDELL DIETZEL, 28. Kisha akaniletea brashi. Akasema kanuni ni kanuni, shahidi anatia jina kwa mkono wake.

Nilichukua muda, Bi. Lorene. Herufi ya Y ilinipinda. Kijana wa Lebanon alitaka kunisaidia, nikamwambia miwani ninayo na macho ninayo. Lakini lipo. Kwa hiyo jina langu liko kwenye mstari ule ule, upande wa kulia, dogo, chini ya neno shahidi, na sasa nimeliandika mwenyewe. Katika majina yangu yote ya pale ndilo baya kwa mwandiko, na leo asubuhi ndilo nililolisoma.

Sasa mto umefungwa mpaka tarehe moja Machi. Siku hiyo king'ora cha kufungua msimu kitalia, watakuja watu elfu mbili kuvua na kupika, patakuwa vurugu tupu. Lakini wiki hizi za katikati hakuna anayeruhusiwa kutupa mshipi. Samaki wanakuja mpaka ukingoni. Ukisimama kimya kwenye lile jiwe unawaona chini wote. Nadine anasema niandike kwamba mikate ya moto ipo. Mimi nasema naweza kukuonyesha mahali alipopiga magoti, kama utataka.

Barabara kuu imeshachotwa theluji. Kwa dereva wa basi si kitu.

Arlis Yoakum, shahidi


Sedalia
14 Februari

Arlis,

Nitakuja Jumamosi ijayo. Utalijua gari.

Tafuta buti za kunitosha, namba saba, maana nataka kuingia majini mpaka pale pale. Na ukiniona nashuka na gauni la bluu lenye kola, lile la Pasaka, usiniulize mpumbavu gani anakuja mtoni amevaa hivyo. Sijawahi kufika. Siku ya kwanza nayo mtu huvaa vizuri.

Lorene